Sikiliza Kimya Kwanza

Sahani ya santuri ilipoisha na sindano ikanyanyuka, ndipo nilipousikia vizuri. Mvumo. Haukuwa mkubwa, wala haungemkera mgeni aliyeketi kwenye kochi, lakini ukisogeza sikio karibu na spika ulikuwepo, mnene, haupandi haushuki, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe. Wimbo ukianza ulipotea. Kwenye nyimbo za polepole, zile ambazo mwimbaji anavuta pumzi kabla ya ubeti, ulirudi na kukaa katikati ya pumzi ile. Na nyimbo hizo ndizo nizipendazo kuliko zote.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya vifaa vya kusafisha umeme. Ilinichukua miaka mitatu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa natibu ugonjwa nisioujua. Naandika haya kwa sababu mtu apendaye muziki hutoa fedha zake na jioni zake kwa ajili ya mambo haya, na ana haki ya kujua kila kifaa kinafanya nini na kinashindwa nini.

Mtambo wangu ni wa kawaida. Kuna gramafoni, kiamplifaya kidogo cha kuinua sauti ya gramafoni, amplifaya kubwa yenye transfoma ya mviringo, spika mbili za kusimama chini, kigeuzi kinachopokea sauti ya dijitali kutoka kwenye kompyuta, na televisheni niliyoiunganisha humo ili filamu nazo zisikike vizuri. Hiyo televisheni nitairudia.

Cha kwanza kununua kilikuwa ekstensheni ya soketi sita yenye chujio na gadi, yaani kinga ya mapigo ya umeme, ndani yake. Nilikuwa nimeshaamini kwamba mvumo unatokana na umeme mchafu, basi chujio litausafisha. Nikachomeka kila kitu, nikazima taa, nikasogeza sikio. Mvumo ulikuwa palepale.

Kitu kimoja kilibadilika, na wakati huo sikukipa uzito. Zamani friji ilipojizima, spika zilitoa mlio mkavu, "ta!", mfano wa kijiti kinachovunjika. Baada ya ekstensheni ile, mlio huo ulipungua hata ukawa wa kusikika kwa shida. Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini kifaa kilekile kimefaulu hapa na kushindwa pale. Siku nilipoelewa, ndipo nilipoanza kwenda mbele.

Ndani ya chujio la namna hii kuna koili zilizoviringishwa kwenye kiini cha feraiti, kuna kapasita, vipande vinavyohifadhi chaji, kati ya laini na nyutro (nyaya mbili zinazobeba umeme), na kapasita nyingine ndogo zinazoelekea kwenye ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Vyote hivyo huanza kufanya kazi ya maana kwenye masafa ya juu, makumi ya maelfu ya hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, na kuendelea. Cheche inayoruka ndani ya swichi ya friji imejaa masafa hayo, kwa hiyo chujio huikamata. Lakini umeme wenyewe wa nyumbani ni wa hezi 50, na mvumo wangu, kama nilivyokuja kuupima, ulikuwa wa hezi 50. Chujio limeundwa ili hezi 50 zipite bila kuguswa, kwa sababu hizo ndizo zinazoendesha mtambo. Chujio linalozuia hezi 50 ni sawa na swichi iliyozimwa.

Jambo hilo linaonekana wazi ukishalisema. Sikulisema kwa mwaka mzima.

Baadaye ukaja waya mnene wa umeme, wa mita moja na nusu, wenye plagi nzito na kitambaa kilichosukwa juu yake. Nilifunga ule wa kawaida kwenye mfuko, nikachomeka mpya, na jioni ileile nikaandika kwenye daftari langu kwamba besi imekaza na sauti ya mwimbaji imesogea mbele. Niliyaandika kwa dhati. Nilikuwa nimesikia hivyo kweli, na sikuwa nikijidanganya kwa makusudi.

Mke wangu ndiye aliyeuliza swali la maana. "Ungekuwa hujui ni upi umechomekwa, ungeutambua?"

Tukafanya jaribio. Niliketi nikiwa nimeipa mgongo amplifaya, yeye akarusha sarafu kabla ya kila zamu ili iamue waya upi uchomekwe, na mimi nikaandika nilichodhani nimesikia. Wimbo mmoja, sehemu ileile, sauti ileile bila kugusa kitufe cha kuongeza. Zamu 10. Nilipatia 5.

Iliniuma. Najua jaribio lile lilikuwa na kasoro: kila mabadiliko yalihitaji kuzima amplifaya na kusubiri karibu dakika nzima, na kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo haidumu hivyo. Lakini kama tofauti ingekuwa kubwa kama nilivyoiandika daftarini, dakika moja isingeifuta. Tangu siku hiyo nilianza kuandika daftarini vitu viwili kwa kila badiliko: nilichosikia nikijua, na nilichosikia nisipojua. Safu ya pili ni fupi mno ukiilinganisha na ya kwanza.

Hesabu nayo ilinisaidia kutulia. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 0.0115 kwa kila mita. Katika nyumba yetu, kutoka kwenye sanduku la breka hadi soketi ya mtambo ni mita 15, kwenda na kurudi mita 30, jumla kama omu 0.35. Waya wangu mpya, hata ungekuwa hauna ukinzani kabisa, ulikuwa unaokoa omu 0.03 au zaidi kidogo. Tatizo la waya, kama lipo, liko ukutani. Sentensi hiyo niliiandika daftarini bila kujua jinsi itakavyokuja kuwa kweli.

Ndipo nikaacha kununua na kuanza kupima. Nilichukua kinasa sauti kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, nikakiunganisha na tundu la kurekodia la amplifaya, nikarekodi kimya: gramafoni imewashwa, sahani haizunguki, sindano iko juu. Kisha nikafungua rekodi hiyo kwenye Audacity, programu isiyolipiwa, na kuiambia inichoree masafa. Nilipoona mchoro ule kwa mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyepewa taa gizani. Kulikuwa na mlima mmoja kwenye hezi 50, mwingine mdogo kwenye 150, na kijilima tu kwenye 100.

Milima hiyo ina lugha yake. Ndani ya amplifaya, dayodi, vipande vinavyopitisha mkondo kwa upande mmoja tu, hugeuza umeme wa AC, unaokwenda na kurudi, kuwa DC, unaokwenda upande mmoja, kwa kutumia pande zote mbili za wimbi, kwa hiyo mabaki yake huja kwenye hezi 100 na vizidishe vyake, yaani 200, 300 na kuendelea, na sikio huyasikia kama mlio wenye makali, karibu na ule wa inzi. Kapasita kubwa za amplifaya zikichakaa, hapo ndipo utakapouona ushahidi. Mvumo laini na mnene wa hezi 50 kwa kawaida hauzaliwi ndani ya kifaa. Huingia kutoka nje, ama kwa sumaku ya transfoma iliyo karibu, ama kupitia kwenye nyaya za kuunganishia vifaa. Kwa hiyo amplifaya yangu, niliyokuwa nimeanza kuishuku na hata kufikiria kuiuza, haikuwa na kosa lolote.

Nikaanza kuchomoa kitu kimoja kimoja. Kompyuta, hakuna badiliko. Kigeuzi, hakuna. Nilipozima televisheni, hakuna. Nilitaka kukata tamaa, halafu nikaenda nyuma ya televisheni na kuchomoa waya wa antena. Mvumo ukakatika palepale. Niliurudisha waya, mvumo ukarudi. Niliuchomoa tena na kukaa chini sakafuni, nikisikiliza.

Kinachotokea ni hiki. Amplifaya ilikuwa imeunganishwa na ethi ya nyumba kupitia plagi yake. Waya wa antena nao ulikuwa umefungwa kwenye ethi yake, mahali pengine kabisa, juu huko kwenye mlingoti. Ethi mbili zilizo mbali hazilingani volti kikamilifu, na nilipoziunganisha kupitia televisheni na waya wa sauti, mkondo mdogo ukapata njia ya kuzunguka. Njia hiyo ilipita kwenye ngozi ya nje ya waya wa sauti, ambayo ndiyo pia njia ya kurudia ya muziki. Amplifaya haiwezi kutofautisha. Inaukuza mkondo ule pamoja na wimbo. Mafundi hukiita kitanzi cha ethi, na jina linafaa: ni kitanzi kweli, na ukikikata popote tatizo linakwisha.

Nilikikata kwa waya wa mwanga. Televisheni ilikuwa na tundu la Toslink, mfumo ambao Toshiba waliuleta mwaka 1983, unaopitisha sauti kama mwanga ndani ya uzi wa plastiki. Mwanga haupitishi mvumo wa ethi. Sauti ya televisheni sasa inaingia kwenye kigeuzi kwa uzi huo, na hakuna shaba yoyote inayoiunganisha televisheni na amplifaya. Ilikuwa gharama ndogo kuliko vyote nilivyokuwa nimenunua kabla yake, na ndiyo iliyoondoa sehemu kubwa ya mvumo.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu kuna njia nyingine ya kukata kitanzi na nilishauriwa niifuate: kukata mguu wa ethi kwenye plagi ya amplifaya. Mtu aliyenishauri alisema wengi hufanya hivyo na mvumo hupotea mara moja. Ni kweli hupotea. Nilimweleza fundi umeme wetu nikiwa tayari na bisibisi mkononi, naye akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Mzee, ethi haikatwi. Siku laini ikigusa bodi ya chuma, ethi ndiyo inayoangusha breka. Ukiikata, kitakachoupokea umeme ni mkono wa atakayeigusa." Binti yangu ndiye hubadilisha sahani nyumbani kwetu mara nyingi kuliko mimi. Nikairudisha bisibisi kwenye sanduku. Kitanzi kikatwe upande wa waya wa sauti, kwa mwanga au kwa transfoma ndogo ya sauti yenye uwiano wa 1:1, au upande wa antena kwa kitenganishi chake. Upande wa umeme usiguswe kabisa, na yeyote anayeshauri vinginevyo hajafikiria mwisho wake.

Mabaki ya mvumo yalikuwa kwenye gramafoni peke yake. Hapo sababu ilikuwa umbali. Nilikuwa nimeiweka juu ya amplifaya, kwenye rafu inayofuata, kwa sababu inapendeza hivyo machoni. Transfoma ilikuwa chini yake hasa. Kichwa cha gramafoni cha aina ya sumaku inayotembea hutoa milivolti chache tu, na zaidi ya hapo, sahani hukatwa besi ikiwa imepunguzwa ili kiamplifaya kiirudishe. Kanuni ya RIAA, chama cha watengenezaji sahani wa Marekani, iliyokubalika tangu miaka ya 1950, huzinyanyua hezi 50 kwa takriban desibeli 17 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kuliko hezi 1,000, yaani kama mara saba. Basi chochote cha hezi 50 kinachoingia kwenye waya mwembamba wa kichwa hunyanyuliwa mara saba pamoja na besi halali. Niliihamishia gramafoni kwenye meza nyingine, sentimita 80 pembeni, nikakaza skrubu ya waya wake wa ethi, na mlima wa hezi 50 kwenye mchoro ukashuka desibeli 14. Sikununua kitu.

Lakini kulikuwa na sauti ya pili, na hiyo haikutoka kwenye spika. Jioni nyingine amplifaya yenyewe iliguna. Ukiweka kiganja juu ya bodi unausikia mtetemo. Baada ya dakika kumi au robo saa unanyamaza. Siku nyingine hausikiki kabisa. Nilijaribu lile chujio, nikajaribu soketi nyingine, nikaweka vipande vya mpira chini ya miguu ya amplifaya. Haikusaidia.

Jibu lilipatikana Jumamosi moja mchana, binti yangu alipokuwa akikausha nywele chumbani kwake na mimi nikiwa nasikiliza. Transfoma ikaanza kuguna. Akazima, ikanyamaza. Akawasha, ikaguna. "Baba, kwani nimeharibu nini?" aliuliza nilipomwomba awashe na kuzima mara tano mfululizo. Hakuwa ameharibu kitu. Alipoiweka mashine kwenye nguvu kamili, transfoma haikuguna. Alipoiweka kwenye nguvu ya nusu, iliguna.

Mashine nyingi za kukaushia nywele hupata nguvu ya nusu kwa njia rahisi sana: dayodi moja inayoruhusu upande mmoja tu wa wimbi. Mkondo mkubwa unaovutwa upande mmoja huacha chembe ya DC kwenye umeme wa nyumba nzima, pengine chini ya volti moja. Taa haijali, na friji haijali. Transfoma ya mviringo inajali sana, kwa sababu kiini chake hakina mwanya hata mdogo, na DC kidogo tu huisukuma sumaku yake upande mmoja hadi inashiba. Inaposhiba, huguna. Muziki wenyewe hauharibiki, na ndiyo maana mchoro wangu wa masafa haukuonyesha kitu.

Hili ndilo tatizo ambalo kifaa cha kuongeza kinalitibu kweli. Kizuizi cha DC ni kapasita mbili kubwa zilizowekwa kwa kupeana migongo, na dayodi zinazozilinda kando yake, zikiwa zimepachikwa kwenye njia ya laini. AC inapita, DC inabaki nje. Alinitengenezea fundi wa vifaa vya elektroniki, kwenye kisanduku kilichofungwa chenye fyuzi yake na ethi iliyopita moja kwa moja bila kukatwa. Sikutengeneza mwenyewe, ingawa mchoro wake ni mfupi, kwa sababu vitu hivyo vinakaa kwenye volti 230 na kosa moja halina marekebisho. Tangu kisanduku hicho kiwekwe, binti anakausha nywele kwa nguvu anayotaka.

Katikati ya hayo nilikuwa nimenunua pia transfoma ya kutenganisha, ya volti-ampea 500. Niliisoma sifa yake na kuipenda: hakuna shaba inayounganisha umeme wa nje na mtambo, ni sumaku tu. Nilipoiweka mbele ya amplifaya ilivuma yenyewe kuliko amplifaya. Tena nilipopandisha sauti, mita ilionyesha umeme unaotoka ukishuka kutoka volti 231 hadi 223. Amplifaya haivuti mkondo taratibu kama taa. Huuvuta kwa vishindo, kwenye kilele tu cha kila wimbi, wakati kapasita zake zinapojazwa, na transfoma ndogo iliyo mbele yake inakuwa kama mlango mwembamba wakati umati unatoka. Kama mtu anataka kuiweka kwa amplifaya, na awe tayari kununua kubwa mno. Yangu iko kwenye meza ya fundi yuleyule, ambako inafanya kazi inayoifaa: kumlinda anapopima vifaa vilivyo wazi.

Stebilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, nayo ilipita. Nilikuwa nimeandika volti za soketi yangu asubuhi, mchana na usiku kwa wiki sita, na zilicheza kati ya 204 na 246. Namba hizo zilinitisha, na nikadhani ndizo zinazoharibu sauti. Ukweli ni wa upole zaidi. Vifaa vidogo kama kigeuzi na kiamplifaya cha gramafoni vina virekebishi vya volti ndani yake, havijui kama nje ni 210 au 240. Amplifaya kubwa haina, kwa hiyo umeme ukipungua asilimia 10, nguvu yake ya juu kabisa hupungua karibu asilimia 19. Inaonekana nyingi, lakini kwa sikio ni chini ya desibeli 1, tena pale tu unapofungulia hadi mwisho. Kwa kiasi ninachosikilizia mimi, hakuna kinachobadilika. Stebilaiza ile ilikuwa ya relei, swichi zinazosukumwa na sumaku, na kila ilipohama hatua ilitoa mlio, "tak," uliosikika kwenye spika. Nikaipeleka kwa friji, ambayo mota yake ndiyo iliyoihitaji.

Lakini namba zile zilifanya kazi nyingine ambayo sikuitarajia. Nilipokuwa nazilinganisha na soketi nyingine za nyumba, niliona kwamba soketi ya mtambo wangu ilikuwa chini kuliko majirani zake, na tofauti ilikua mzigo ulipoongezeka. Kulikuwa pia na sauti ya tatu ambayo nilikuwa nimeizoea kiasi cha kutoiandika: mkwaruzo mdogo, wa hapa na pale, hasa pasi ilipokuwa inatumika.

Nikachomeka pasi ya wati 2,000 kwenye soketi ya pembeni yake. Umeme ulishuka volti 4. Nikaichomeka kwenye soketi ya mtambo. Ulishuka volti 11.

Volti 7 zilikuwa zinapotelea mahali fulani kati ya soketi hizo mbili. Pasi huvuta karibu ampea 8.7. Zidisha 7 kwa 8.7 upate wati 61. Nilikaa nikiitazama namba hiyo kwenye karatasi. Wati 61 ni joto la taa ya zamani ya kioo, ile isiyoshikika kwa mkono, na lilikuwa linatoka ndani ya ukuta wangu, nyuma ya rafu ya mbao yenye sahani za miaka ishirini.

Nilimwita fundi siku hiyohiyo. Alizima swichi kuu, akahakikisha kwa tesita, akafungua soketi. Skrubu ya nyutro ilikuwa imelegea kiasi kwamba waya ulitoka kwa kuvutwa na vidole viwili. Ganda lake lilikuwa limegeuka kahawia kwa urefu wa sentimita tatu, na plastiki ya soketi ilikuwa imeanza kuyeyuka pembeni. Hakusema mengi. Alinionyesha tu, kisha akaniuliza tangu lini tumekuwa tukisikia harufu. Nilikumbuka kwamba mke wangu alikuwa amewahi kusema kuna kitu kinanuka nyuma ya rafu, na mimi nikamjibu ni vumbi la amplifaya.

Siku ile nilipiga hesabu ya vyote nilivyokuwa nimechomeka mbele ya skrubu ile: chujio, waya mnene, transfoma, stebilaiza. Kila kimoja kilikuwa kinapokea umeme kupitia kwenye kiungo kilichokuwa kinaungua. Fundi aliukata waya hadi kwenye shaba safi, akaweka soketi mpya, akakaza, akavuta kuhakikisha. Pasi ikashusha volti 4 kama kwenye soketi nyingine, na mkwaruzo ukaisha. Mwezi uliofuata alivuta laini ya pekee kwa ajili ya mtambo, milimita za mraba 2.5, yenye breka yake, na kuunganisha ethi kwenye baa ileile ya nyumba nzima, maana ethi ya pembeni iliyojichimbia shimo lake ingeniundia kitanzi kipya. Sasa pasi ikichomekwa hapo, umeme hushuka chini ya volti 3. Hiyo laini ndiyo kitu ambacho ningekinunua kwanza kama ningeanza upya, na kabla ya hiyo, ningemlipa fundi afungue na kukaza kila soketi ya nyumba.

Kuhusu gadi nina neno moja ambalo nimeliona watu hawaambiwi. Sehemu inayokamata mapigo ya umeme ndani yake ni varista, kisahani cha oksidi ya zinki ambacho kwa volti za kawaida hakipitishi kitu, na volti zikiruka hufunguka na kulimeza pigo. Kila pigo hukichakaza. Ekstensheni yangu ya kwanza ilikuwa na taa ya kijani inayosema ulinzi upo. Baada ya miaka miwili na kidogo taa hiyo ilizimika, ingawa soketi ziliendelea kutoa umeme kama kawaida. Ningeweza kuendelea kuitumia mwaka mwingine nikidhani nimelindwa. Niliibadilisha na gadi inayokata umeme ukipanda au ukishuka kupita kiasi, na inayosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuuruhusu. Radi ikikaribia, nachomoa vyote, antena na waya wa intaneti vikiwemo, kwa sababu radi haichagui waya.

Mwisho kabisa rafiki yangu aliniazima kifaa kinachoumba umeme upya. Ni kitu kizito, kina joto, na kwa undani wake ni amplifaya: kinageuza umeme wa ukutani kuwa DC, halafu kinachora wimbi jipya la hezi 50 na kulikuza hadi volti 230. Nilikipima kwa heshima kwa sababu kinafanya hasa kinachodai. Mita ilisimama kwenye 230 mchana na usiku. Nilikiweka bila kizuizi changu cha DC, na transfoma haikuguna hata mashine ya nywele ilipowashwa. Wimbi la ukutani, ambalo huwa limebonyea kileleni kwa sababu ya chaja na taa zote zinazovuta mkondo pale juu, lilitoka likiwa na kilele cha mviringo kamili. Kwenye spika, kwa zamu 12 mke wangu akirusha sarafu, nilipatia 7. Rekodi za kimya kabla na baada zilikuwa sawa hadi kwenye desibeli ya mwisho ninayoweza kuisoma. Nilimrudishia na kumweleza yote mawili. Nyumba ambayo umeme wake una maradhi mengi kuliko wangu ingeweza kunufaika nacho. Kwangu hakukuwa na kilichobaki cha kutibu.

Sasa ukutani kuna laini ile, gadi, kizuizi cha DC mbele ya amplifaya, na ekstensheni ya kawaida yenye chujio kwa vifaa vidogo, kwa ajili ya ule mlio wa friji. Waya mnene bado ninao na bado umechomekwa, kwa kuwa ni imara na plagi yake inashika vizuri.

Wiki iliyopita sahani iliisha, sindano ikanyanyuka, nikasogeza sikio. Kulikuwa na mchakacho mwembamba tu wa kiamplifaya, kama mchanga unaomiminwa mbali, na juu yake mlio mdogo mkali ambao sikuwahi kuusikia. Nikarekodi kimya. Mlima ulikuwa kwenye hezi 100 na vizidishe vyake vyote, vimepangana kama meno ya kitana. Nilichomoa kitu kimoja kimoja hadi nikafika kwenye taa mpya ya kusomea, ile yenye kirungu cha kupunguza mwanga, tuliyoiweka kando ya gramafoni. Nikaigeuza hadi mwanga kamili, mlio ukafa. Binti yangu ameihamishia chumbani kwake.